Naomba kueleweshwa: "can often", "may often", "will often" kwenye Kiingereza zinatofautianaje?

FundiBaridi

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi friji na AC nipo Dar, Kiingereza cha kusoma sio kibaya sana manake miongozo ya hizi mashine karibu yote ni Kiingereza na video ninazofuatilia YouTube nyingi ni za mafundi wa Kimarekani, kwa hiyo maneno ya kawaida hayanipigi chenga. Kinachonisumbua ni pale wanapoeleza ubovu. Hawasemi tu kitu fulani kinaleta shida fulani, wanachomeka can, may, might, could, will, halafu hapo hapo wanaongeza often, sometimes, usually, na mimi nikisoma kichwani vyote vinakuja "inaweza" basi.

Sasa kwenye kazi "inaweza" hainisaidii. Mteja kakaa pembeni ananiangalia, friji haigandishi, mwongozo unataja sababu saba nane, mimi nataka nijue kabla sijafungua skrubu hata moja huyu aliyeandika anamaanisha hii ndo sababu ya kila siku au ni ile ya bahati mbaya mara moja moja. Cheki hizi nimezitoa sehemu tofauti:

A worn door gasket can often cause frost.
Low refrigerant may cause frost on only part of the evaporator.
A bad start relay will often rattle when shaken.
Low voltage could also be the problem.
The compressor may often run hot in summer.

Mwenye Kiingereza chake anazisomaje hizi? Na hiyo "will often" mbona will tulifundishwa ni wakati ujao? Na kama can ni "inaweza" si tayari ina maana ya mara nyingine, hiyo often inafanya nini tena hapo?

Mchokozi

Fundi we tengeneza friji bana, ukimaliza kuchambua Kiingereza nyama za mteja zishaoza 😂😂

MwalimuWaZamu

Swali zuri sana na si la mafundi tu, hata wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa ndo wanapopotelea, kwa sababu tunawafundisha can ni uwezo na may ni ruhusa, tunafunga daftari, wakati ukisoma Kiingereza halisi matumizi hayo mawili ni sehemu tu ya kazi ya hivyo vitenzi.

Anza hivi ndugu fundi. Kuna "inawezekana" za aina mbili na Mwingereza anazitenganisha bila hata kujua anazitenganisha. Ya kwanza inahusu tabia ya kitu, kwamba kitu cha namna hii kina hulka hiyo, kwa friji nyingi, kwa miaka mingi, haizungumzii friji iliyo mbele yako. Hiyo kazi yake ni can. "A worn door gasket can cause frost" maana yake raba za mlango zilizochoka zina tabia hiyo, imeshaonekana, mwandishi hana wasiwasi wowote, anakupa maarifa. Ya pili inahusu kutokujua kwa msemaji, hapo hapo, kuhusu jambo moja. Hiyo ni may, might, could. "It may be the gasket" maana yake sijui, nakisia, huenda ni raba.

Jaribio ninalowapa wanafunzi ni rahisi tu. Toa hicho kitenzi uweke "sometimes". Worn gaskets sometimes cause frost, maana imebaki ile ile, basi hapo ni can. Sasa jaribu kuweka "perhaps". Perhaps it is the gasket, maana imebaki, basi hapo ni may au might. Ndiyo maana ukitaka kukisia kwamba bosi yuko ofisini sasa hivi huwezi kuandika "He can be in the office now", utachekwa, ni "may be" au "might be" au "could be". Lakini ukikanusha can inarudi kwa nguvu, "He can't be in the office" yaani haiwezekani kabisa, nimemuona sokoni sasa hivi. Na kwenye swali wanasema "Could it be the relay?", hawasemi "May it be the relay?" kabisa.

Sasa often yako. Ni kweli can peke yake ina ka-sometimes ndani yake, na kuna wahariri wanaokata "can sometimes" wanasema ni kurudia. Lakini kile ka-sometimes hakina kipimo, inaweza kuwa mara moja kwa mwaka. Ukiweka often unapandisha kipimo. Kwa hiyo "can often cause" ni: tabia hiyo ipo, na si ya nadra, utakutana nayo sana. Ukiweka occasionally unashusha. Kitenzi kinakwambia ni inawezekana ya aina gani, kielezi kinakwambia mara ngapi, ni kazi mbili tofauti.

"Will often" nitairudia, kengele imelia.

FundiBaridi

Mwalimu nimekuelewa vizuri sana hapo kwa sometimes na perhaps, nimezijaribu kwenye sentensi tatu zimekubali. Ila hiyo namba tano sasa, may halafu often, jaribio linakuwaje? Nikiweka perhaps inabaki na often yake vile vile.

DadaLeeds

Mimi nipo Uingereza nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, hii mada imenigusa kwa sababu kazi yetu nusu ni kusoma na kuandika hizi sentensi. Kila mkazi ana faili lake na kabla hujaanza zamu unasoma. Ngoja niwape mfano wa namna linavyoandikwa, sio la mtu fulani ni mtindo tu:

Can be unsteady on her feet, particularly in the mornings. May need help with buttons. Will often refuse breakfast but tends to eat if offered again later. Prone to chest infections.

Mgeni wa Kiingereza anasoma yote "anaweza" anapita, kumbe kila moja inakupa kazi tofauti. Can be unsteady: imeshatokea, tunamjua, asubuhi kaa karibu naye hata kama leo anatembea vizuri. May need help: leo hatujui, muulize kwanza, usimvamie na vifungo vyake kama mtoto. Will often refuse: ndivyo alivyo, hiyo ndo kawaida yake, asikupe presha akikataa chai, subiri nusu saa urudi. Hiyo will haina uhusiano na kesho wala keshokutwa, wanaitumia kwa tabia ya mtu, "he'll often sit there for hours", ni kama sisi tunaposema huyo bwana ukimwacha atakaa hapo mpaka jioni, hatumaanishi wakati ujao na sisi.

Kwa hiyo fundi, "a bad relay will often rattle" ni tabia yake, ndo kawaida yake mara nyingi, sio kila mara. Nguvu yake kwangu mimi ni kubwa kuliko can often.

Tends to nayo wanaipenda mno, ni kama will often ila ya upole. Na prone to angalieni, hiyo ni ya mabaya tu, magonjwa, kuanguka, ajali. Sijawahi kusikia mtu akasema fulani ni prone to furaha. Liable to nayo mara nyingi inaelekea huko huko kwenye mabaya.

Aafu jambo lingine la Waingereza wenyewe, hawa watu wana adabu ya kupunguza maneno. Ukiambiwa na meneja "Mr fulani can be a bit difficult" wewe usichukue kwamba mara moja moja ana ukorofi, jiandae kabisa, huyo mzee ni moto wa kuotea mbali 😅 Grama inasema sometimes lakini sauti inasema kila siku.

Mchokozi

Hapo kwenye can be a bit difficult nimemkumbuka mtu

KakaMsomi

Mnamchanganya fundi bure. Mimi nimesoma ripoti za kisayansi miaka yote ya chuo, humo may na can zinabadilishana bila tatizo lolote. "The bacteria may be found in stagnant water", hapo mwandishi hakisii, anajua kabisa wapo. Kwa hiyo hiyo sheria ya mwalimu ya tabia na kukisia ni ya darasani tu.

MwalimuWaZamu

KakaMsomi uko sahihi kwa mfano wako ila hitimisho umelirukia. Kwenye maandishi rasmi na ya kisayansi may inachukua kazi ya can, ni kweli kabisa, ni mtindo wa kuandika kwa heshima na tahadhari. Lakini njia ni ya upande mmoja! Mwandishi wa sayansi anaweza kuweka may pale ambapo mtu wa kawaida angeweka can, ila hakuna atakayeweka can kwa kukisia jambo moja. "The missing sample can be in the other laboratory", hiyo hata profesa haandiki. Kwa hiyo tofauti ipo pale pale, ila nguo ya may ni pana zaidi.

Na hapo ndo jibu la namba tano ya fundi lilipo. "The compressor may often run hot in summer" ina maana mbili na msomaji anaamua kwa kuangalia nani anaandika. Kama ni mwongozo wa kiwanda, ni can often iliyovaa suti, yaani majira ya joto kompresa kupata moto ni jambo la kutokea sana, wanajua. Kama ni mtu anaongea kwenye video na hajafanya utafiti, ni "huenda hili linatokea mara nyingi", anakisia kuhusu ule wingi wenyewe, hana uhakika kama ni mara nyingi. Ndo maana perhaps yako ilikubali kubaki na often. Binafsi naona "may often" ni mchanganyiko mbovu kwa mwongozo wa fundi, mwandishi mzuri angeandika "often runs hot" tu akamaliza, kama anajua ni mara nyingi anaficha nini?

Mhandisi_Tanga

Hapo mwalimu umegusa penyewe. Sisi wa viwango tuna utaratibu wake, kwenye maandishi ya ISO, lile shirika la kimataifa la viwango, haya maneno yamegawanywa kazi kabisa: shall ni lazima, should ni pendekezo, may ni ruhusa, can ni uwezekano au uwezo. Kwa hiyo kwenye hati ya kiwango ukikuta may usiisome "huenda", isome "unaruhusiwa". Ukitaka kusema jambo huwa linawezekana unaandika can. Ila waandishi wa miongozo ya kawaida ya friji hawafuati hilo, kila kampuni inaandika inavyojisikia na nyingine zimetafsiriwa kutoka Kichina au Kikorea, kwa hiyo usiziamini sana kila nukta.

Pia angalieni may not. Kwenye kanuni "Tenants may not keep pets" ni marufuku. Kwenye maelezo ya mashine "The compressor may not start" ni huenda isiwake. Herufi zile zile.

Duka la Dawa

Assalaam alaykum nyote. Mie nipo Unguja, nauza dawa, na tokea nianze kazi hii sijaona pahala wanapotumia may na mara ngapi kwa ufundi kama kile kikaratasi cha ndani ya boksi za dawa za Ulaya. Zile ziloandikwa kwa taratibu za huko, sehemu ya madhara wanaandika hivi: "Very common: may affect more than 1 in 10 people". Kisha "Common: may affect up to 1 in 10 people". Kisha uncommon ni hadi mtu 1 katika 100, rare hadi 1 katika 1,000, very rare hadi 1 katika 10,000.

Hebu tizameni walivyofanya. May imewekwa kwa sababu hawajui wewe uloshika boksi itakupata au haitokupata, hiyo ndo huenda ya mwalimu. Halafu mara ngapi hawakuiachia often wala sometimes, wametia namba kabisa. Wateja wananijia wamekasirika, "hii dawa imeandikwa common kuumwa kichwa, mbona unaniuzia", nawambia soma na chini yake, common hapo maana yake katika watu kumi huenda mmoja au hata hafiki mmoja, tisa wanakunywa wanakwenda zao. Mtu wa mtaani common kwake ni karibu kila mtu. Hapo ndo tatizo la vielezi, kila mtu ana kipimo chake kichwani.

Namba Hazidanganyi

Duka la Dawa umenifungulia mlango. Hii ya kila mtu na kipimo chake ilishaleta kizaazaa Marekani. Mwaka 1951 wachambuzi wa CIA waliandika ripoti kwamba shambulio la Wasovieti na washirika wao dhidi ya Yugoslavia mwaka huo lichukuliwe kama "serious possibility". Ofisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje akamuuliza Sherman Kent aliyekuwa anahusika nayo, hiyo serious possibility ni kiasi gani kwa namba? Kent akajibu yeye kichwani alikuwa na 65 kwa 35 kwamba shambulio litatokea. Yule ofisa akashtuka, yeye alikuwa amesoma kitu cha chini mno ya hapo. Kent akarudi kuwauliza wenzake walioandika naye na kuikubali ile sentensi kwa pamoja, akakuta wapo waliokuwa na 80 kwa 20 na wapo waliokuwa na 20 kwa 80. Na wote ni Kiingereza chao hicho hicho. Kwa hiyo fundi usijione mnyonge.

Baadaye watu wakaanza kufunga maneno kwenye namba. Wale wanasayansi wa tabianchi wa IPCC wakiandika likely wanamaanisha asilimia 66 kwenda juu, very likely 90 kwenda juu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani kwenye utabiri wa mvua, 20 ni slight chance, 30 mpaka 50 ni chance, 60 na 70 ni likely.

KakaMsomi

Sawa mwalimu, hiyo ya njia ya upande mmoja nimeikubali. Ila fundi kwa kazi yako we soma vielezi tu, often kwanza, sometimes baadaye, hivyo vitenzi viache.

DadaLeeds

Hapana KakaMsomi usimpoteze. Will often na might often vyote vina often, utaziweka sawa?

FundiBaridi

Jamani hii mada imekuwa tamu kuliko nilivyotegemea. Sasa naomba mnisaidie kupanga, nichukue friji ya leo asubuhi. Mama mmoja analalamika friji haigandishi, nimefika nikaweka sikio nyuma, kompresa inataka kuwaka, inanguruma sekunde chache, inakata tak! inakaa kimya dakika kadhaa, inajaribu tena, tak! Nimegusa ni ya moto hatari. Mwongozo wangu kwenye ukurasa wa "clicks but does not start" umeandika: This is often caused by a failed start relay. Low voltage can also prevent starting. In some cases the compressor itself may be seized. Mimi kwa uzoefu nilishajua ni rilei (hiyo start relay, kifaa kidogo cha kuwashia kompresa), nikaichomoa nikaitikisa inalia kama njuga, nikabadilisha mashine ikaondoka. Ila kama ningekuwa mgeni hiyo aya ningeisomaje?

MwalimuWaZamu

Kaka hiyo aya imeandikwa vizuri kuliko zile sentensi zako tano. Tazama anavyoshuka ngazi. "Is often caused", hakuna kitenzi cha uwezekano hata kimoja, anasema ukweli uliozoeleka, hapo ndo pa kuanzia. "Can also prevent", umeme mdogo una tabia hiyo, lakini hakuweka often, maana yake ujue ipo, pima kwa mita kabla hujalaumu vifaa. "In some cases ... may be seized", hapo kaweka mbili, some cases inapunguza na may inatia shaka, maana yake fika huko ukishamaliza mengine yote. Mtu asiyejua friji kabisa akiisoma aya hii kwa makini angeanza na rilei kama wewe.

Kama unataka ngazi ya jumla, si sheria ya msahafu, kwa masikio yangu mimi inashuka hivi: "usually causes" na "often causes" juu kabisa, halafu "will often cause", halafu "can often cause", halafu "can cause" peke yake, halafu "may cause", na "might" na "could" huko chini ambako mtu anakisia. "Could also be" ya voltage kwenye sentensi yako ya nne ni hivyo, anaongeza wazo tu usije ukasahau.

Na zamani ikiingia, can inakuwa could na will inakuwa would. "The old models could be noisy" maana yake zile za zamani kuna wakati zilikuwa na kelele, anajua. "They may have been noisy" hajui, anakisia. "He would often leave the door open" alikuwa na hako katabia.

Kijana wa Houston

Fundi hao jamaa zako wa YouTube kama ni wa huku kusini utasikia "it might could be the relay" au "you might could try another one", usifikiri umesikia vibaya. Huku Texas na majimbo ya kusini watu wanaweka mbili kwa pamoja, might could, maana yake huenda ikawa. Inasikika hata Scotland. Ni Kiingereza cha nyumbani, shuleni hakifundishwi, usije ukaandika kwenye mtihani wa Kiingereza wa IELTS ukasema tumekushauri sisi.

Na ukisikia fundi anakwambia "you might want to check the voltage first" hiyo sio kwamba huenda ukataka, anakuambia kistaarabu pima voltage kwanza kabla hujaunguza kitu kingine.

Wanjiku_254

😂😂 kuhusu kuweka mbili, huku kwetu tuko na "can be able to". Utaiskia kwa mkutano, kwa redio, kila mahali, "so that we can be able to move forward". Nilikuwa na mteja wa nje kwa kazi yangu ya kujibu simu, nikimwambia "I can be able to check that for you" ananyamaza kidogo, najua anajiuliza. Kwao hiyo ni kurudia, can ni be able to tayari. Mwalimu iko sawa ama ni makosa?

MwalimuWaZamu

Wanjiku dadangu, na huku kwetu ipo, tena sana. Kwa mtihani na kwa barua ya kazi chagua moja, "can check" au "will be able to check". "May be able to" na "might be able to" hizo ni halali kabisa kwa sababu may inaleta huenda na able inaleta uwezo, hazirudiani.

Kabla sijasahau, nafasi ya often. Inakaa baada ya kitenzi cha kwanza kisaidizi: can often be fixed, may sometimes have been left open. Ukiitanguliza mbele, "often can", inakuwa unakazia, mtu akikuuliza "Can these be fixed?" unajibu "They often can". Lakini penye kukanusha ndo pa hatari, kwa sababu ukihamisha neno unahamisha maana. "It can't always be fixed" ni si kila mara inatengenezeka, yaani nyingine zinapona. "It often can't be fixed" ni mara nyingi haiponi. "It can't often be fixed" ni nadra sana kupona. Na sometimes haipendi kukaa nyuma ya not, wanasema "sometimes it can't be fixed". Ukianza na rarely au seldom basi kila kitu kinageuka, "Rarely can a seized compressor be saved", hiyo ni ya kuandika, usiongee hivyo kijiweni.

Mhandisi_Tanga

Na ni kweli, kompresa ikishakaba rarely can it be saved 😀

FundiBaridi

Hiyo ya can't always na often can't imenigusa kwa sababu kuna mteja Mzungu Masaki niliwahi kumwandikia meseji "this model often can't be repaired" akaenda kununua jipya siku hiyo hiyo, nikawa nashangaa mbona haraka hivyo hata hajauliza bei ya spea 😂

DadaLeeds

Hahaha huyo ulimwambia mara nyingi hazifufuki, ulitaka akusubiri wa nini

Mchokozi

Haya nami nina swali la maana kwa mara ya kwanza leo. Hiyo often inatamkwa na T au bila T? Kwenye video wengine "ofen" wengine "often".

Kijana wa Houston

Zote. Kazini kwangu meza moja tu ina watu wa aina zote mbili na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Kamusi nazo zinaweka matamshi yote mawili. Wewe chagua inayokaa mdomoni mwako.

Duka la Dawa

Mie na T, skuli tulisomeshwa hivyo na sibadilishi sasa.